Mkate wa Daejeon na kitenzi kilichotutoa jasho

"Tutawatongoza wazee kwa harufu ya kahawa yetu."

Hivyo ndivyo sentensi ile ingesikika kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ilisikika vibaya zaidi, maana msemaji alikuwa amesimama mbele ya darasa zima, suti ya kuazima mwilini, na nyuma yake ukutani kuna picha ya bibi kizee ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kitenzi alichokitumia kilikuwa "seduce". Mwalimu aliinama akajifanya anaandika. Mimi niliyekaribishwa siku hiyo kama msikilizaji nilitazama dari, kwa sababu msemaji alikuwa mtu wangu, na kwa namna fulani aibu ile ilikuwa yangu pia.

Nitamwita Dogo. Yeye aliniita "hyung", kaka, neno ambalo mwanamume wa Kikorea humwita mwanamume aliyemzidi umri. Siku tuliyofahamiana, kabla hata chai haijapoa, aliniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikaona kijana hana adabu. Kumbe alikuwa anaitafuta adabu yenyewe: bila kujua nani mkubwa hajui aseme nami kwa vitenzi vipi. Yeyote aliyewahi kusita mlangoni akijiuliza huyu nimwamkie shikamoo au mambo, atamwelewa.

Nilifika Daejeon kwa ufadhili wa serikali ya Korea Kusini. Mwaka wa kwanza ni wa lugha tu, na mwisho wake unatakiwa uwe umefikia walau daraja la 3 la mtihani wa Kikorea uitwao TOPIK, ndipo uanze shahada. Hela ya kujikimu ilitosha kula na kununua koti. Watu wa nyumbani walinishauri nifundishe Kiingereza, "si huko wanakililia?" Wanakililia kweli, ila viza ya mwalimu wa Kiingereza kule, E-2, kwa kawaida ni ya raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania aliyesomea fizikia na historia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hayumo. Basi nikajiandikisha kwenye mpango wa chuo wa kubadilishana lugha: kila Jumatano saa moja jioni, saa nzima Kiingereza, saa nzima Kikorea, hakuna anayemlipa mwenzake. Ndiko nilikokutanishwa na Dogo.

Alikuwa mwaka wa nne na alikuwa akijiandaa kwa TOEIC, mtihani wa Kiingereza ambao waajiri wengi wa Korea huutazama kabla hawajakutazama wewe. Maswali 200 kwa saa mbili, alama za juu kabisa 990. Dogo alikuwa na daftari lenye mstari katikati, kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kikorea, kama wachumba waliokwisha kulipiana mahari. Alinionyesha pia kitu wanachokiita "kkamji": unachukua karatasi nyeupe, unaandika neno lile lile, mstari juu ya mstari, mpaka weupe wa karatasi wote uzame kwenye wino. Neno la juma lile lilikuwa "tempt". Karatasi ilikuwa nyeusi tititi. Nikamwomba alitumie kwenye sentensi, akakaa kimya.

Kulia mwa daftari, mbele ya "tempt", alikuwa ameandika "yuhokhada". Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ukilitafuta "yuhokhada" kwenye kamusi ya simu linakumwagia vitenzi vya Kiingereza kama mchuuzi anavyomwaga nyanya kwenye beseni: tempt, seduce, lure, entice. Hakuambii lipi bichi na lipi limeoza. Dogo, kwa kazi ya darasani, alichagua lile alilodhani ni la kisomi kuliko yote. Nikamweleza siku hiyo hiyo, tukiwa bado na aibu zetu, kwamba "seduce" lina chumba cha kulala ndani yake. Hata mtu akilitumia kwa biashara, mlango wa chumba kile unabaki wazi kidogo, na bibi wa kahawa hakupaswa kupitishwa hapo.

Kisha akanifundisha na yeye. Alichora kwenye pembe ya daftari zile herufi za Kichina ambamo nusu ya maneno ya Wakorea yametoka. "Yu" ni kuongoza, kuvuta kwa maneno. Upande wake wa kushoto ni alama ya usemi. "Hok" ni kupotewa, kuchanganyikiwa, na chini yake umekaa moyo. Kwa hiyo "yuhok" ni maneno yanayoongoza na moyo unaopotea. Nikaona wazee wa Kichina walikuwa wameshamaliza somo, sisi tunahangaika bure. Hiyo "hok" imo pia kwenye jina la umri wa miaka 40, "bulhok", yaani asiyepotoshwa tena, kutokana na maneno ya Confucius kwamba alipofika 40 shaka zilimwisha. Dogo alisema baba yake amepita 50 na bado hajaweza kupita dukani penye fimbo za kuvulia samaki bila kuingia.

Na hiyo "yu" inasafiri mbali. Nchi inapoomba iwe mwenyeji wa Olimpiki, Wakorea hutumia "yuchi", kuvutia mpaka ije. Watu wa Pyeongchang, huko huko Korea, waliikosa mara mbili, wakashinda kwenye kura iliyopigwa Durban mwaka 2011, wakaandaa michezo ya 2018. Mtu akimvuta mtoto kwa pipi na kumteka, ni "yugoe". Herufi ile ile. Kutoka sherehe mpaka polisi, "yu" moja. Tangu hapo sikumcheka tena mtu aliyechanganya vitenzi hivi.

Nami nikamwambia ninayoyajua ya Kiingereza. "Lure" ni neno la wafuga kozi, wale ndege wa kuwindia: lilikuwa furushi la manyoya lililofungwa kwenye kamba, la kumrudisha ndege mkononi. Kwa hiyo ndani yake kuna mtego, kuna kitu cha uongo kinachofanana na nyama. "Entice" wachimbaji wa asili za maneno hulirudisha kwenye kijinga cha moto, nikafurahi, maana sisi nasi kuni tunazichochea na watu tunawachochea. Yeye akaandika: lure, manyoya, entice, moto. Ikabaki "tempt".

Hapo nikavurunda mimi.

Nilimpa maana kutoka tumboni mwa Kiswahili bila kujua kwamba ndiko ninakoitoa. "Tempt" kichwani mwangu ni kushawishi, na kushawishi ni kumfanya mtu atake kufanya jambo. Ndivyo nilivyomweleza. Juma lililofuata akaniletea sentensi kumi safi, mojawapo: alim"tempt" baba yake aache sigara. Nikaweka alama ya vema. Nikaweka na ya pili pembeni, ya kumtia moyo.

Usiku nikaamka. Kitu kilikuwa kinanikwaruza. Nilimshawishi baba aache sigara: Kiswahili kisicho na doa. Ila hakuna Mwingereza anayeweza kum"tempt" mtu kwenye kuacha sigara, labda amtolee rushwa. Sigara ndiyo inayo"tempt". Nikakaa kitandani nikiona wazi, kwa mara ya kwanza maishani, jinsi kitenzi chetu kilivyo kipana. Mwenyekiti wa kijiji anawashawishi wananchi wachimbe vyoo. Muhuni anamshawishi mtoto atoroke shule. Kitenzi ni kimoja, hakiulizi unampeleka mtu wapi. Cha ajabu, nomino zake zimegawana urithi: "ushawishi" unaweza kuwa wa heshima, mtu mwenye ushawishi serikalini; lakini "kishawishi" kimekwisha kuhukumiwa, hakuna mtu anayesimama hadharani akajisifu kuwa ameleta kishawishi. "Tempt" ni mtoto wa kishawishi. Inataka mambo mawili kwa pamoja: uwe unakitamani kitu tayari, na uwe unajua, walau kwa mbali, kwamba afadhali uache. Likikosekana moja, tafuta kitenzi kingine.

Jumatano nikamwomba radhi. Dogo hakuelewa kwa nini mwalimu anaomba radhi, akadhani nimefiwa. Nilipofuta zile vema mbili akafurahi sana. Akaniambia kaka, basi na wewe unakosea kama sisi. Nadhani urafiki wetu ulianza hapo hasa.

Kosa la tatu ni langu pia, na hili sikulifanya kwa Kiingereza.

Karibu na geti la chuo kulikuwa na mgahawa wa meza sita, wa mama mmoja aliyepika mchuzi wa kimchi unaochemka mpaka mezani. Wateja wote walimwita "imo". Imo ni dada yake mama. Sisi tungesema mama mdogo. Kwetu muuza chakula ni mama lishe au mama ntilie, kwao ni mama mdogo, na mantiki ni ile ile: anayekupakulia hawezi kuwa mtu baki. Jioni moja nilikuwa nimeshasimama niondoke nikasome, imo akaniwekea sahani ya mayai ya kuviringishwa, bure kabisa, nyongeza, wao wanaita "seobiseu". Nikataka kusema kwa utani: mama mdogo umenitia kishawishini, sasa siondoki. Kikorea changu kilikuwa cha miezi minane. Nikavuta kutoka daftarini, nikatamka kwa sauti ya mtu aliyejiandaa: "Imo-ga jeo-reul yuhokhaesseoyo."

Mafundi wawili wa meza ya pili nusura wapaliwe na makgeolli, pombe yao ya mchele. Imo alijipiga paja, "Aigo!" akaingia jikoni, akatoka tena aone kama bado nipo. Kuanzia siku hiyo, nikifika, alikuwa akinitambulisha kwa wageni kuwa mimi ndiye yule mwanafunzi aliyetongozwa naye. Umri wake ulikuwa unakaribia wa bibi yangu. Nikamkumbuka bibi wa kahawa wa Dogo, nikasema hii ni haki, imelipwa.

Dogo alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akanipa kile ambacho hakuna kamusi iliyonipa, yaani watu husema nini hasa. Chakula hakiku"yuhok", chakula "kinavuta", "ttaenggida": leo tambi zinanivuta. Ofa nzuri ya kazi au ya simu inakufanya uwe "solgit", masikio yanasimama. Rafiki anayekubembeleza mtoroke kipindi mkale ana"kkosida", neno la mtaani ambalo wenye lugha yao walilikubali rasmi kuwa sanifu mwaka 2014 tu, na kijana anayemfukuzia binti naye ana"kkosida". Kwetu tungesema anamwimbisha. Yuhok lenyewe mara nyingi linakaa kama nomino. Unatumbukia ndani ya yuhok, unaikung'uta yuhok kama mkono uliokushika bega, unapinduka upande wa pili ukishindwa. Mtu ndiye anayetenda. Yuhok iko pale kama shimo la barabarani, aliyetumbukia ni wewe.

Sasa nikaelewa kwa nini Dogo hakuwa anaweza kusema kwamba mkate ulim"tempt". Aliniuliza kwa dhati: kaka, mkate unafanyaje jambo? Mkate umekaa tu. Kikorea hakipendi kumkabidhi kitu kisicho na uhai kitenzi cha kumtenda mtu. Kiingereza hakioni taabu. Na sisi je? Sisi ndio kabisa: usingizi umenichukua, njaa inaniuma, baridi imenipiga, deni limenishika shingo. Kiswahili kimejaa vitu visivyo na mikono vinavyotukamata. Kwa mara ya kwanza lugha yangu ilinisaidia kufundisha badala ya kunizungusha.

Jumamosi moja tukaenda kuujaribu mkate wenyewe. Aliyefika Daejeon bila kupelekwa Sungsimdang hajafika. Duka hili lilianza mwaka 1956, banda la mikate ya mvuke mbele ya stesheni ya reli, na leo foleni yake inazunguka kona. Watu wanashuka kwenye treni ya kasi, wananunua, wanapanda nyingine wanarudi Seoul. Kinachowaleta hasa ni mkate mmoja uliokuwepo tangu 1980: ndani maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, nje magamba ya siagi na unga, halafu wote unatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Fikiria andazi lililoolewa kwenye familia yenye uwezo. Harufu inakukuta mtaa wa pili.

Dogo alikuwa anajinyima. Kule barua ya kuomba kazi mara nyingi inaambatana na picha, na alitaka mashavu yapungue kabla ya kwenda studio. Tulipofika nusu ya foleni akafumba macho, akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba yeye "is tempting". Nikamuuliza: wewe? Akasisitiza: ndiyo, mimi, sana. Dada mmoja wa Kizungu mbele yetu aligeuka, akamtazama kwa makini kama anayekagua dai hilo, akageuka tena.

Hili kosa ni la Wakorea wote niliosoma nao; ndilo linalomfanya mtu atangaze kwamba anachosha wakati anataka kusema amechoshwa. Walishaambiwa kanuni mara elfu. Kanuni haikai. Nikachukua mfuko wa karatasi wa mkate, nikaandika kwa Kiswahili: nashawishi. Chini yake: nashawishika. Nikamwambia tazama mkia. Mti unavunja na mti unavunjika. Nguo inachafua na nguo inachafuka. Hiyo "ka" ndogo inageuza dunia, aliyekuwa mtenda amekuwa mtendwa, na hatusemi ni nani aliyemtenda, hali tu imemkuta. Mkate unashawishi. Wewe unashawishika.

Akarudia polepole. Na-sha-wi-shi-ka. Wakorea na sisi tunafanana jambo moja: hatupendi kumaliza neno kwa rundo la konsonanti. "Tempt" mdomoni mwake ilitoka "temteu", mdomoni mwa bibi yangu ingetoka "tempti". Lakini "nashawishika" ilimteleza vizuri, kila konsonanti na irabu yake, akaipenda kama wimbo. Kwa majuma kadhaa alikuwa anaibandika "ka" kwenye Kiingereza: "I am bored-ka, hyung." Sikumkataza. Mkate una "-ing", mtu ana "-ed-ka". Baada ya muda ile "ka" ikadondoka yenyewe, kama kitovu cha mtoto, ikabaki "-ed" imepona.

Na bahati iliyoje, "nashawishika" imebeba hata ule utumizi wa kistaarabu ambao vitabu vyake vya TOEIC havikuugusa. Kwenye magazeti yetu mwandishi husema nashawishika kuamini kwamba bei itapanda. Mwingereza husema vile vile, neno kwa neno, "tempted to" kisha kitenzi. Hajaamini bado, ila mguu mmoja umeshavuka. Nikamwonyesha Dogo tofauti kwa mikate ile ile. Harufu ilin"tempt to buy" mikate 6: huenda nimenunua, huenda nimesimama hapo nikimeza mate. Harufu ilin"tempt into buying" mikate 6: pesa imeshatoka, mafuta yako kidoleni. Siku ile sisi tulikuwa wa aina ya pili. Picha yake ya kazi, kwa taarifa, ilipigwa na mashavu yote.

Novemba, mama yake Dogo akanialika kanisani kwao, kanisa la Kipresbiteri lenye viyoyozi na skrini mbili kubwa. Ilikuwa juma la Suneung, mtihani wa kuingilia vyuo vikuu, na mdogo wake wa kike alikuwa anaufanya Alhamisi. Sijui nieleze vipi uzito wa siku hiyo. Soko la hisa huchelewa kufunguliwa ili barabara zisiwe na msongamano. Wakati wa kusikiliza Kiingereza, kuanzia saa 7:05 mchana kwa dakika 35, ndege haziruki wala kutua nchi nzima. Watu humpa mtahiniwa pipi ya "yeot" inayonata ili afaulu kwa kunata, na hakuna anayethubutu kumpikia supu ya mwani kwa kuwa mwani unateleza. Wamama waliojaa kanisani wengine walikuwa wameomba siku 100 mfululizo.

Ikafika Sala ya Bwana. Maneno yakapita kwenye skrini, nami nikajivunia kwamba nayasoma. Nikafika mahali pameandikwa "siheom-e deulge haji maopsigo". "Siheom" nilikuwa nalijua kuliko maneno yote ya Kikorea: ni mtihani. Lilikuwa kwenye kila ubao wa darasa letu, siheom Ijumaa, siheom mwisho wa mwezi, siheom ya TOPIK. Na hapa kanisa zima limefumba macho likimwomba Mungu asituingize kwenye mtihani. Nikatazama wale wamama. Nikafikiri: watu hawa wamechoka kiasi hiki?

Ilinichukua mpaka kwenye basi kurudi bwenini ndipo sala yangu mwenyewe iliponirudia masikioni. Usitutie majaribuni. Majaribu. Jaribio la wiki la hisabati, dakika arobaini, funika daftari. Tumesali maneno hayo tangu utoto na hakuna aliyewahi kudhani tunamkwepa mwalimu wa hesabu. Tena mtu akipatwa na jambo zito tunasema huo ni mtihani. Na halafu nikakumbuka mama. Baba yangu ni Mlutheri na mama Mkatoliki, nyumbani tulikuwa na sala mbili. Ya baba: usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu. Ya mama: usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Nikampigia Dogo simu humo humo kwenye basi, nikamuuliza Wakatoliki wa Korea husalije. Hakujua, akamuuliza jirani. Jibu likaja kwa ujumbe: wao husema "yuhok".

Nilishuka kituo kisicho changu. Wakorea wamegawanyika pale pale tulipogawanyika sisi, mtihani huku, kishawishi kule, na katikati amekaa yule yule "tempt" wa Kiingereza, ambaye mzazi wake wa Kilatini maana yake ilikuwa kujaribu tu, kupima. Ndiyo maana ana ndugu anayeitwa "attempt". Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Mungu alim"tempt" Ibrahimu, na aliyezoea maana ya leo anashtuka, Mungu afanye hivyo? Yetu inasema Mungu alimjaribu. Ya Kikorea inasema siheom. Na Waingereza wenyewe, mtu akipanda boti bovu wakati wa dhoruba, husema anai"tempt" bahati. Haitamanishi bahati. Anaipima aone kama itamwacha.

Jumatano ile hatukufika kwenye saa ya Kikorea. Dogo alisikiliza, akafungua daftari lake, akalitafuta "tempt" lililokuwa limeoana na "yuhokhada", na pembeni, kwa kalamu nyekundu, akaandika "siheom". Akalitazama muda mrefu. Akasema, kaka, basi mimi nimekuwa kwenye "temptation" tangu nikiwa na miaka 6.

Mdogo wake alifaulu. Dogo alifanya TOEIC Februari na kupata alama alizozihitaji. Nilimuuliza kama kitenzi chetu kilitokea. Hakikutokea hata mara moja, kwenye maswali yote 200.

Akaajiriwa Seoul, kwenye kampuni sitaitaja, ya watu wanaokula chakula cha jioni saa nne mbele ya kompyuta. Jumatano zikafa polepole, ndivyo ilivyo. Mimi niliendelea na shahada yangu na mayai ya imo. Usiku mmoja wa masika yao, miti ya cheri ikiwa imeshamwaga maua, simu ililia saa nane kasoro. Ujumbe wa Kiingereza, sentensi moja tu:

"Hyung, I am tempted to quit."

Nililisoma kama mwalimu kwanza, sikuweza kujizuia. Hali ya mtendwa ipo. "To" ipo. Jambo analolitamani, na anajua afadhali aliache. Hakuna cha kusahihisha. Kisha nikaisoma tena kama kaka. Nikafuta majibu matatu ya Kiingereza niliyoyaanza, nikamwandikia kwa Kikorea kile wanachoulizana wao kabla ya jambo lolote zito: umekula?

Akajibu yuko stesheni ya Seoul, amekaa kwenye benchi, treni ya kwanza ya Daejeon ni alfajiri, na duka la mkate linafunguliwa saa ngapi.